Neville Akroyd na Lango la Kondoo

Neville Akroyd alipeleka barua katika bonde letu miaka thelathini na mmoja, wala hakuacha lango la mtu wazi. Huku Yorkshire kondoo ni wengi kuliko watu, na mtoto hufundishwa kufunga lango kabla ya kufundishwa kusoma.

Watu wa sinema walipokuja kutengeneza filamu yao ya mazombi, ile ya virusi vinavyoingia nchini hata watu wakaanza kuumana, walitafuta wenyeji wa kukimbia kama wagonjwa. Neville akajiandikisha. Wakampaka damu ya sharubati na kumtia macho mekundu.

Katika filamu, kundi la wagonjwa linavuka malisho kuwafukuza wazima. Wote wanapita langoni kama maji. Neville naye anapita, kisha anarudi mbio, anafunga lango, anatia komeo, halafu anaendelea kunguruma. Sijui kwa nini watu wa sinema hawakukikata kipande kile. Bonde zima lilicheka. Kwa miaka mingi, kila akiingia baa, mzee Barraclough humwambia, "Zombi, funga mlango, baridi inaingia." Naye hufunga.

Mkewe, Doreen, hakuitazama filamu ile hata siku moja. "Damu sitaki," alisema, "hata ya sharubati." Kisha ukaja ugonjwa wa kweli, na hakuna aliyetaka tena hadithi za virusi.

Neville alichukuliwa asubuhi moja ya Aprili. Nyumba yangu inatazamana na yao, niliona yote dirishani. Wahudumu wa gari la wagonjwa, na barakoa zao, walimwambia Doreen asitoke mlangoni. Walipofika barabarani, Neville aliinua mkono kutoka kwenye machela, akauvuta kuelekea kifuani, mara tatu. Doreen hakusogea. Baada ya siku tisa Mungu akamchukua mumewe, hospitalini, bila mtu wake kando.

"Aliniita," alikuwa akiniambia. "Mume wangu aliniita, nami nikasimama kama gogo."

Niliomba naye mara nyingi. Tukisema amina, anarudia palepale. Miaka minne.

Mwaka huu ukumbi wa kanisa ukaamua kuionyesha tena filamu ile, Jumamosi mchana. Doreen alikuja kwangu ameshavaa koti.

"Nisindikize. Sina picha nyingine inayomwonyesha akitembea."

"Mama, ina damu nyingi."

"Nitafumba macho. Akitokea Neville, nifinye."

Ukumbi ulijaa. Nilimimina chai, nikaketi karibu naye, na ilipofika sehemu ya malisho nikamfinya. Hakuna aliyecheka. Hata Barraclough alikuwa anatazama viatu vyake.

Neville akapita langoni. Nyuma yake alibaki mgonjwa mmoja, kijana wa watu. Kumbe kabla ya kurudi, Neville anamgeukia yule kijana, anainua mkono na kuuvuta kuelekea kifuani, mara tatu: lifunge. Kijana anampita tu. Ndipo Neville anarudi kulifunga mwenyewe. Nilikuwa nimeiona filamu ile mara mbili, na mkono ule sikuwahi kuutilia maanani.

"Rudisha," Doreen alimwambia mwenye mtambo. Akarudisha. "Tena."

Mara ya tatu akanishika mkono. "Lango. Wale wa gari waliacha lango letu wazi."

Ni kweli. Mimi ndiye niliyelifunga jioni ile.

"Mtu anapelekwa kufa," akasema, "anaagiza lango. Mjinga yule."

Barraclough akapasuka kicheko, akajiziba mdomo. "Nisamehe, Doreen."

"Cheka, bwana. Mwenyewe angecheka."

Basi watu wakacheka, polepole, wengine wakijipangusa macho. Doreen naye alicheka kidogo. Hatukungoja filamu iishe.

Tulipokaribia kwake, Doreen akasema:

"Kwa hiyo hakuniita."

"Hakukuita, mama. Hukumkosea."

"Hakuniita kabisa," akasema, na sauti ikamkatika.

Tulipopita, nilivuta lango nyuma yetu, nikamwachia yeye atie komeo. Alikaa nalo mkononi muda mrefu.