Rejeo la Kifo cha Mwalimu Zuhura

Siku ya kwanza kazini niliingia ofisi ya Nizwa, huku Omani, na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mhariri Mkuu hata hakuiangalia. Alinisukumia karatasi: "Andika mistari minne juu ya falaji ya mtaa wako." Falaji, kwa asiyejua, ni mfereji unaoleta maji mashambani kutoka chini ya mlima. Nikaandika, na mwisho nikatia kwamba maji yake ni matamu kuliko ya falaji zote.

"Matamu kwa nani?" akauliza.

"Kila mtu anajua, ustadhi."

"Huyo Kila Mtu kaandika kitabu gani? Ukurasa wa ngapi?"

Nilinuna siku nzima. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Tulikuwa tukiandika mausua, yaani kamusi elezo, na humo kila dai lazima liwe na rejeo: yale maandishi madogo ya chini yanayomwonyesha msomaji ulikolitoa jambo. Na chanzo kiwe huru. Mtu hajishuhudii mwenyewe, wala mtoto hamsifu babake nasi tukapokea.

Kutoka Nizwa nikapelekwa Sur, chini ya Mkuu wa Sehemu aliyelichukia neno "mashuhuri" kama mtu anavyochukia mende. Akilikuta kwenye rasimu, yaani makala ambayo haijapitishwa, analikata kwa wino mwekundu. "Hili la matangazo ya duka," husema. Nilikaa Sur miaka mingi, karatasi zikaondoka, kompyuta zikaja, kisha nikahamishiwa Ibra kuwasimamia wanafunzi wanaojifunza kazi.

Mwaka wangu wa mwisho Ibra akaletwa Rukia, mwanafunzi wa chuo, watu wao walitoka Kigoma. Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini kichwa, mashaallah! Kila asubuhi, "Shikamoo, ami," halafu maswali mpaka adhuhuri. Nikampa makala ya Mwalimu Zuhura wa Manah, mmoja wa walimu wa mwanzo wa skuli ya wasichana kule.

Hapa niseme kweli. Bi Zuhura alikuwa mwalimu wangu na miye. Tulipohamia kutoka Unguja nina miaka kumi, Kiarabu sikujua hata cha kuombea maji, na watoto wakinicheka. Yeye, Mnguja mwenzetu na jirani yetu siku zile, akanisomesha nyumbani kwake kila alasiri, bure, na sikumbuki hata siku moja kumwambia ahsante.

Miaka miwili kabla ya kuja Rukia, nilikuwa ningali Sur, nimelazwa, goti limepasuliwa. Jirani yake Bi Zuhura akanipigia simu: mwalimu kachukuliwa na gari la wagonjwa. Nyuma yake nikasikia vilio, kisha simu ikakatika. Napiga tena, haipatikani. Basi nikashika simu nikakiandikia kikundi cha wanafunzi wake wa zamani: Inna lillahi, mwalimu wetu katutoka.

Azaa, yale makao ya siku tatu ya kutoa pole, yakanipita nikiwa kitandani. Na kwetu huku aliyekosa azaa uso wake hajui auweke wapi. Nikisema nitawapigia wanawe simu wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila siku iliyopita aibu ikazidi. Sikupiga, wala kile kikundi sikukifungua tena. Nilimwombea rehema tu, na kulia peke yangu garini.

Basi Rukia akaniletea vyanzo vitatu vinavyotaja kifo cha Bi Zuhura: jarida la skuli, ukurasa wa wanafunzi wa zamani mtandaoni, na tangazo la chama cha walimu.

"Vitatu vinatosha," nikamwambia. "Andika kafariki, tumalize."

Hakuandika. Siku mbili nzima yuko kwenye simu. Ya tatu akaja mezani kwangu, wala hakukaa.

"Ami, tangazo limenakili jarida. Jarida limenakili ule ukurasa. Ukurasa umenakili ujumbe wa kikundi."

"Kikundi gani?"

"Chenu. Ujumbe ni wako, ami."

Niliwaka. "Wewe unanifundisha kazi? Mwalimu wangu kafa, nimemlilia!"

"Nani alikwambia kafa?"

Nikairudia kichwani ile simu. Jirani alisema gari la wagonjwa. Kifo nilikitia miye.

Rukia akasema, pole pole sasa, kwamba kaipata nyumba ya mtoto wa Bi Zuhura, kule Samail. Jumamosi tukaenda, mke wangu mbele, Rukia nyuma. Nilitaka sana awe hai, na nikaogopa sana awe hai.

Mwanawe akafungua mlango. Ndani, juu ya mkeka, bibi mwenye miwani minene anatoa kokwa za tende.

"Nani huyo?"

"Seif, mwalimu. Seif wa Nizwa."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Seif. Ujumbe wako nilionyeshwa. Huyu mwanangu kachoka kuwajibu watu wa mbali wanaopiga simu kutoa pole."

"Nisamehe, mwalimu."

"Kunizika nimekusamehe. Lakini umesikia nimekufa, hata azaa hukuja?"

Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu nyeupe, na huku nacheka. Nikambusu kichwa, nikampa ile ahsante ya miaka yote. Akasema, "Haya, haya, kula tende." Vile vilio vya kwenye simu vilikuwa vya wajukuu, waliliogopa gari; mwenyewe alipona, mwanawe akamleta Samail.

Rukia akamwomba barua za kazi na picha. Bi Zuhura akamtazama. "Na maneno yangu huyataki?"

"Nayataka, bibi. Lakini wewe mhusika."

"Huyu nimempenda," akasema.

Jumapili nikawaandikia jarida, ukurasa na chama, na kile kikundi pia, nikatia jina langu kamili. Walionitukana walikuwa na haki. Nikastaafu mwezi uliofuata, na sasa watu huniuliza kazi ile ilinifunza nini. Nawaambia vijana: mvi si chanzo. Nilizisimamia makala za watu wengine maisha yangu yote, na dai hili moja nililotoa mwenyewe nililipitisha bila kuliuliza.

Makala ya Rukia iko mtandaoni. Kila nikiifungua nashuka moja kwa moja chini kwenye marejeo, nayasoma moja moja. Miye simo. Na mwaka wa kufa, alhamdulillahi, haumo.