Zamu ya Kwanza ya Likirimba

Mwaka ule kina mama wa mtaa wetu, huku Ndosho, walibadili sheria ya likirimba, ule mchezo wao wa kuchangiana pesa kwa zamu. Kabla ya hapo walivuta vikaratasi kujua nani ataanza kubeba mchango wa wote. Sasa walikubaliana: ataanza yule ambaye tansio yake, yaani presha ya damu, itashuka zaidi katika miezi mitatu.

Mama yangu aliitaka zamu hiyo kama mwenye kiu. Alibeba kabichi za Kibumba kichwani tangu sijazaliwa, na tansio yake ilimtisha hata muuguzi aliyewapima mwanzoni. Akipata zamu, angenunua cherehani, aketi ashone.

Akageuka mtu mwingine. Mboga zetu zikapoteza chumvi. Pikipiki hakupanda tena. Alfajiri tulitembea juu ya mawe meusi ya volkano, mimi nikihema nyuma, yeye akiimba mbele.

Siku ya kipimo, wateja walimchelewesha sokoni. Akaja mbio kikaoni, kwa miguu, katika jua kali. Muuguzi akamfunga kipimo mkononi palepale.

“Imepanda,” akasema. “Imepita hata ile ya mwanzo.”

Jirani yetu muuza makaa, aliyekuwa anaongoza, akacheka. “Mwenzetu, chumvi ulikuwa unailambia wapi?”

“Kwako, wakati ulikuwa unalala,” mama akamjibu.

Muuguzi akaliona jasho. “Mama, umetoka wapi?”

“Sokoni.”

“Kwa miguu? Mbio?”

“Si ni ninyi mulinikataza kupanda pikipiki?”

“Basi kipimo hiki hakifai. Apumzike, nipime tena.”

Sheria yao ilisema kipimo kimoja. Macho yote yakamgeukia muuza makaa. Akafikiri, kisha akakisukuma kigoda chake kwa mguu.

“Akae. Lakini asiseme kitu. Akisema neno moja tu, mimi nabeba.”

Mama yangu, anyamaze! Walimchokoza wote: kabichi zake zina wadudu, kitenge chake kimepauka. Akauma midomo, akatazama ukuta.

Muuguzi akapima. Akatazama daftari, akapima tena.

“Imeshuka. Kupita ya kila mutu hapa.”

Vigelegele vikapasuka. Mama peke yake alibaki kimya, akinivuta mkono, akiniuliza kwa macho kama sasa anaruhusiwa.

“Sema basi,” muuza makaa akamwambia. “Utanishonea blauzi ya kwanza, na sitalipa.”