Toa Ipi?

Juzi, kwenye dirisha la kuandikisha wakimbizi hapa Kigoma, nilimkuta karani akimfokea fundi aliyebuni lugha ya kompyuta yenye amri za Kiswahili.

“Nimeandika ‘toa kadi’ itoke, kumbe imefutika!”

“Toa ni kuondoa, kaka. Tano toa mbili.”

“Na ‘toa sadaka’ je?”

Fundi akakuna kisogo. “Kama unataka itoke, andika ‘chapisha’.”

Mwenye kadi, mama wa Kirundi mwenye mtoto mgongoni, akashika kichwa. “Mana yanje, Mungu wangu! Kwetu nilitolewa, na hapa mmenitoa tena?”

Jamani, ‘futa’ ilikuwa na kosa gani? Fundi unaacha neno lisilo na utata, unachukua linalogawa na kupokonya! Niliondoka mama akiwa bado dirishani, hajui ametolewa kwa maana ipi.