Titi la Odete

Odete, wifi yangu, alikuwa mshona makoti katika kiwanda kimoja hapa mjini Fall River, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Lakini mwaka 1974, alipopapasa kivimbe kwenye titi la kushoto, mdomo ulimkauka. Hakuogopa kivimbe peke yake. Aliogopa usingizi. Siku zile madaktari walikulaza kwa dawa, wakakata kipande, wakakipima hapohapo, na wakikuta saratani waliondoa titi zima kabla hujaamka. Jirani yetu Natália alilala hivyo, akaamka, akakuta bandeji tu.

Kila Jumanne tulikutana katika chumba cha chini cha kanisa, wanawake peke yetu, tukisomeana habari za miili yetu. Gil, kaka yangu, mumewe Odete, alituita kikao cha wambeya. Huko ndiko Odete alikosikia kwamba mgonjwa anaweza kukataa kupimwa na kuondolewa titi kwa usingizi mmoja.

"Nakubali kupimwa tu," alimwambia Daktari Hanley, mpasuaji wake, mimi na Gil tukiwa pembeni. "Mambo ya kuondoa titi tutaongea nikiwa macho."

"Mama, usijichoshe kichwa," daktari akasema, akamsogezea Gil fomu na kalamu. "Bwana Furtado, tia sahihi hapa, kwa yote mawili."

Kaka yangu akaishika kalamu. Nilitamani kumzaba kofi.

"Gil," Odete akasema, "titi unalolisainia, umelibeba wewe lini?"

"Naogopa utakufa, mke wangu."

"Hata mimi naogopa. Weka kalamu chini."

Akaiweka. Daktari alinuna, akakata kwa kalamu mstari wa pili wa fomu, ule wa kuondoa titi, lakini Odete hakumwamini hata kidogo. Asubuhi ya upasuaji alijifungia chooni na chaki ya nta aliyotoka nayo kazini, akajiandikia kifuani: KUPIMA TU. Kiwandani kwao mkataji wa vitambaa hapitishi mkasi pasipo na mstari wa chaki.

Alipozinduka nilikuwa pembeni yake. Mkono wake ulibaki hewani juu ya shuka, ukigoma kushuka.

"Wifi, nipapasie wewe. Mimi siwezi."

Nilipapasa. Titi lipo. Tukalia wote wawili.

Daktari akaingia, akatupita, akamwendea Gil dirishani. "Bwana Furtado, samahani. Ni saratani."

Odete alijiinua kwa kiwiko, uso umesawijika kwa hofu.

"Daktari, mgonjwa yuko huku," akasema. "Geuka uniambie mimi. Halafu uniulize nataka nini."