Mstari Uliopinda Vunidakua

Vilimaina Rokotavo hakuwa mrefu wala hakuwa na kifua cha kutisha, lakini akisema "Mguu sawa!" mbwa wa kijiji cha ng'ambo ya mto waliacha kubweka. Alizaliwa kisiwa cha Kadavu, binti wa mhubiri aliyetaka awe muuguzi. Yeye akaingia jeshini, miongoni mwa wasichana wa mwanzo kupokelewa, akapelekwa jangwa la Sinai kulinda amani kwenye kizuizi cha barabara ambayo, kwa maneno yake, hata nzi walikuwa wanaipita kwa kujuta.

Aliporudi akasomea ualimu, akaolewa na fundi wa injini za boti, wakahamia Vunidakua, shule yetu ya bweni huku kisiwa cha Vanua Levu. Mimi Sunila nilikuwa nafundisha mapishi, yeye jiografia, na nyumba zetu za walimu zilitazamana jikoni. Chumvi ikiniishia nilinyoosha mkono tu.

Lakini msimu wa makadeti ukifika, jiografia iliwekwa kabatini na Vilimaina akawa Afande. Hata mimi niliogopa kumwomba chumvi. Watoto wa vidato vya juu walipigishwa kwata asubuhi kabla ya masomo na jioni baada yake, mpaka siku ya kuhitimu, ambapo wazazi huja na mikeka, mashada ya maua na magimbi yaliyookwa ardhini, na kina mama hulia kana kwamba watoto wanakwenda vitani. Hakuna vita. Hakuna hata aliyevisikia vikija. Ni kumfanya mtoto asimame wima na aamke bila kuitwa mara mbili, basi.

Mwaka ninaousimulia, kimbunga kilikuwa kimeupeleka mto juu ya uwanja wa zamani na kuuacha umejaa magogo. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Raghwan, akapata kipande cha ardhi ya ukoo mmoja wa hapo kijijini, nyuma ya mabweni. Trekta likaja, likasawazisha, nyasi zikapandwa. Ulikuwa uwanja mzuri kuliko tulivyostahili.

Siku ya kwanza tu, mstari ukapinda.

Nilikuwa dirishani nikimenya muhogo. Makadeti walikuja kwa mwendo wa pole, safu kwa safu, na walipofika upande wa kushoto wa uwanja, karibu na ukingo wa msitu, safu zote zilijikunja taratibu kama mkeka unaokunjwa pembeni, zikazunguka kitu, kisha zikanyooka tena. Pale hapakuwa na kitu. Nyasi tupu.

"Simama!" Vilimaina akafoka. "Nyie! Mmekunywa kava ya baba zenu? Kitione, wewe ndiye wa mbele. Macho yako yalikuwa wapi?"

"Mbele, afande!" Kitione alikuwa kijana wa mjini, wa Suva, mrefu, mjuaji.

"Na miguu?"

"Nayo mbele, afande!"

"Basi kimoja kati ya hivyo viwili kinanidanganya. Rudia!"

Wakarudia, ukapinda palepale. Akawakimbiza kuzunguka uwanja, akawapigisha pushapu mpaka mikono ikatetemeka. Wakaenda tena. Ukapinda. Akampeleka Kitione nyuma na kumweka mbele binti yake mwenyewe, Losalini, mtoto aliyefundishwa kutembea kwa kwata tangu akiwa na nepi. Losalini naye akapinda, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyelala.

"We Losalini! Hata wewe?"

"Nimenyoosha, mama."

"Afande."

"Nimenyoosha, afande. Naapa."

Kesho yake Vilimaina alivuta kamba toka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, akachora mstari wa chokaa. Watoto waliufuata vizuri. Walipofika pale waliuacha, wakazunguka, wakaurudia upande wa pili, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba aliuacha. Walipoonyeshwa chokaa isiyokanyagwa, wasichana wawili walianza kulia. Kitione alicheka, akakuta anacheka peke yake.

"Sunila," Vilimaina aliniambia jioni ile, amesimama mlangoni kwangu, kofia kwapani. "Una simu nzuri. Kesho njoo unipigie picha zinazotembea. Nataka niwaonyeshe hawa wapuuzi miguu yao."

Nikaenda. Nilipiga toka walipoanza hadi walipomaliza, kisha tukaingia jikoni kwangu kutazama, sisi wawili na birika la chai. Mara ya kwanza tuliangalia miguu. Mara ya pili Vilimaina akaweka kidole kwenye kioo.

"Wewe, angalia vichwa."

Wote walikuwa wameinama. Si sana. Walipofika pale, kila mmoja alishusha mabega na kichwa, akapunguza hatua, akapita hivyo, kisha akainuka. Mtu yeyote wa huku anakujua kule kuinama. Ndivyo tunavyopita ndani ya nyumba watu wakiwa wameketi chini, ili usisimame juu ya vichwa vyao.

"Na Losalini," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo. "Mdomo wake."

Tulirudisha picha. Mdomo wa mtoto ulikuwa unatamka neno, polepole, bila sauti: *tilou*. Ni lile neno la kuomba radhi unapowapita waliokaa.

Chai ilipoa. Vilimaina akaivaa kofia yake. "Upuuzi," akasema. "Mtoto mmoja akiinama, wengine wanaiga. Nitapita mwenyewe."

Jua lilikuwa bado juu na mvua fupi ilikuwa imetoka kunyesha, nyasi zimelowa. Alisimama mwanzo wa uwanja, akajipa amri mwenyewe kwa sauti, akaondoka. Buti lake lilipiga chini kama nyundo. Nilimwangalia akifika pale. Nilimwona akijikunja.

Alipofika mwisho aligeuka nyuma, akanipungia mkono kwa furaha. "Umeona? Wima kama mnazi!"

"Dada," nikamwambia, "angalia ulikopita."

Alama za buti zilikuwa wazi kwenye nyasi zilizolowa, zimezunguka kama kingo za bakuli. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umeshika kofia. Hakukumbuka kuivua.

Mwanamke yule alikuwa amelala jangwani kukiwa na mabomu ya kutegwa pande zote, lakini siku ile nilimshika mkono kumrudisha nyumbani, na mkono ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu.

Bwana Raghwan alimwambia asogeze gwaride upande mwingine, wageni wasione kitu. Vilimaina akakataa. "Nikisogea leo, kesho watajenga darasa pale," akasema. "Bora niulize."

Akaenda kwa Apenisa, msemaji wa ule ukoo, mtu wa makamo aliyekuwa dereva wa lori la magogo. Tulimkuta amelala chini ya lori akikaza nati. Nasema tulimkuta kwa sababu nami nilikwenda, nikiwa na chupa ya chai kama kisingizio.

"Apenisa, kaka yangu, pale nyuma ya mabweni palikuwa na nini?"

Nati ikaacha kulia. Akajivuta nje. Alikuwa na grisi hadi kwenye kope.

"Watoto wameumia?"

"Hapana. Wanainama."

Apenisa akakaa chini, akajifuta mikono kwenye kaptula, akaifuta tena. "Trekta lilipopita lilitoa mawe ya misingi. Misingi ya nyumba, dada. Niliyaona. Dereva akaniuliza, nikamwambia sukuma tu. Tulikuwa tumeshakubali, nikaona aibu kurudi kusema."

"Nyumba za nani?"

"Za ndugu zetu wa tawi la wakubwa. Surua ilipoingia visiwani, zama za babu wa babu zetu, wao iliwapata wote pamoja. Hakubaki wa kumletea mwenzake maji, wala wa kuzika. Waliokuja baadaye waliogopa kuingia. Wakazikata nguzo, wakaziangusha nyumba juu yao, wakaondoka." Alimtazama Vilimaina. "Hawakulala chini kama maiti. Wanasema walikutwa wamekaa, wameegemea kuta. Walikuwa wanasubiri mtu aingie."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda pale mchana, sisi, Apenisa na watu wa ukoo wake, na makadeti wote bila buti, wamevaa nguo za kanisani. Vilimaina alileta fungu la mizizi ya kava, na Apenisa jino la nyangumi lililokuwa la baba yake, zawadi ambazo huku huombewa radhi. Vilimaina alipiga magoti kwenye nyasi. Sauti ile ya kunyamazisha mbwa hakuitumia. Alisema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa:

"Tumeingia kwenu bila kubisha. Trekta halina adabu, na sisi tulilifuata. Hawa ni watoto, wanajifunza kutembea tu. Hawaendi kumpiga mtu. Tunaomba wapite."

Desturi ni kwamba anayepokea hujibu, kisha watu hupiga makofi ya viganja vilivyokunjwa. Apenisa alijibu kwa niaba ya ndugu zake, sauti ikimkatika. Tukapiga makofi. Sitaki kuongeza chumvi. Nasema tu kwamba yalikuwa mazito kuliko mikono yetu, na kwamba mtoto mmoja wa kidato cha nne aliyekuwa kando yangu aligeuka nyuma kutazama msitu, kisha akanishika sketi na hakuiachia mpaka tulipoondoka.

Siku ya kuhitimu alikuja meja kutoka kambini, mwenye nishani na tumbo. Bendi ikapiga. Makadeti wakatoka na sulu nyeupe, zile shuka za kiunoni, zenye ncha kama meno ya msumeno, mashada ya maua yakizisubiri shingo zao. Walipokaribia ule upande wa msitu, kabla hawajafika jukwaani, Vilimaina alitoa amri ambayo haikuwa kwenye ratiba.

"Kushoto… tazama!"

Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja kuelekea nyasi tupu. Makadeti wa mbele wakapiga saluti. Na mstari ule ulipita pale umenyooka kama uzi wa fundi.

Meja alimwita baadaye, mdomo umejaa samaki wa nazi. "Sajini, kule kushoto ulikuwa unampigia nani saluti?"

"Wenyeji, afande."

"Sikuwaona."

"Walikuwa wamekaa, afande."

Meja alitazama kule, akatafuna polepole, akameza. Alipoondoka nilimwona akilizungusha gari lake kwa mbali, upande wa bwenini.

Vilimaina aliendelea na makadeti mpaka alipostaafu. Darasa halikujengwa pale. Aligombana na Bwana Raghwan kwa ajili hiyo hadi wakaacha kusalimiana, na siku ya kumuaga Vilimaina mzee yule hakutokea. Losalini aliingia jeshini. Mama yake akarudi Kadavu na mumewe, akalima magimbi, akanenepa.

Nilimtembelea likizo iliyopita. Tulikuwa barazani asubuhi tukila muhogo wa kuchemsha, simu ikalia. Alikuwa koplo kijana aliyechukua nafasi yake Vunidakua. Vilimaina akaweka spika ili asiache kula.

"Afande, shikamoo. Samahani kukusumbua. Ile amri ya kushoto tazama naitoa kila siku, kama ulivyoniachia."

"Mstari unapinda?"

"Haupindi, afande. Umenyooka kabisa." Tulisikia upepo wa kule uwanjani. "Ila nikisema simama, buti zinasimama zote pamoja. Halafu, nyuma yake, inasikika miguu mingine inasimama. Inachelewa kidogo. Miguu mitupu, afande."

Vilimaina aliacha kutafuna. Akarudisha kipande cha muhogo sahanini.

"Wanachelewa sana?" akauliza.

"Mwanzoni walichelewa sana. Sasa wanazidi kuwahi."

"Basi wanajifunza," akasema. "Usiwafokee."