Kioo Nilichompelekea Bibi Harusi

Jamani, hadi leo nikialikwa harusini natafuta kisingizio, maana aibu niliyoipata kwetu Koboko niliitafuta mwenyewe, tena kwa kujisifu.

Nilikuwa ng'ambo mwaka wa nne, kwenye maabara ya vioo vya leza kali (tulitaka mwanga wake utusaidie kunasa mitikisiko inayotoka kwa nyota zinazogongana huko mbali), barakoa usoni, glavu mikononi, siku nzima bila mtu wa kuniita jina. Upweke ulinikausha hata barua zangu kwa mama zikawa mstari mmoja: "Natengeneza vioo bora duniani." Basi dada yangu Zubeda alipoposwa, akakataa kuazima kioo kwa jirani. Kaka analeta!

Nami, badala ya kununua cha dukani nilipopita Arua, nikambebea kimoja cha kazini, upana wa sahani, kilichokataliwa kwa doa dogo.

Asubuhi ya harusi chumba kimejaa shangazi na majirani, nikakitoa kwa glavu (ndiyo, glavu!), nikawakemea wasikiguse kwa sababu hata chembe ya vumbi ikipigwa na leza inakiunguza, kisha nikamwinulia Zubeda, naye wanja mkononi. Akatazama. Akainamisha kichwa, akatazama tena.

"Kaka, mimi naona tumbo yako."

Kile kioo hurudisha mwanga wa leza, ule usioonekana kwa macho. Huu wetu wa kawaida unapita tu kama dirishani. Nilijua! Ila nilikuwa nimesahau kabisa kwamba watu hutumia kioo kujitazama.

Shangazi mmoja alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka nne kwa Wazungu, na kioo yake iko kipofu!"

Zubeda akalia, wanja ukamshuka mashavuni, na wageni walikuwa wameshafika, ikabidi nitoke mbele yao wote nimwombe dereva wa bwana harusi afungue kioo cha pembeni cha lori lake tukitumie, naye aliporudisha lori nyuma bila kioo akaligonga sufuria la pilau, likamwagika lote.

Jioni nilikuwa nimejificha nyuma ya nyumba. Mama akanifuata na kile kioo, kimejaa alama za vidole.

"Hii nitaweka kwa dirisha ya barabara," akasema. "Kila siku nasimama pale kuangalia kama unakuja, na vumbi inaniingia kwa macho."

Nililia kuliko bibi harusi. Harusini sipeleki tena kioo, hata cha dukani. Na barua ya mstari mmoja sijamwandikia mama tena.