Nyumba ya Mama Niliyoibomoa

Kazi yangu ni kujenga sanamu kwa vitofali vya plastiki, vile wanavyochezea watoto. Watu wakisikia hucheka, halafu huja kutazama, na wakishatazama hunyamaza. Nimejenga misikiti, mabuli ya kahawa, ndovu mwenye kimo cha meza, na keki moja ya harusi ambayo bwana harusi alijaribu kuikata. Chumba changu cha kazi kiko ghorofa ya juu ya nyumba yetu, Mji wa Kale. Vitofali vyenyewe navipata kwa shida. Vingine naagiza ng'ambo nikavingoja miezi, vingine navichambua kwenye magunia ya mitumba, nikavifua kwa sabuni na kuvianika juu ya paa.

Mamangu alipopatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulilegea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema atafutiwe vitu vidogo vya kushika kila siku. Nikampa sinia ya vitofali.

"Mie, mtu mzima, nikacheze?" alisema, akaisukuma kando.

Siku ya tatu nilimkuta ameshikanisha vinne. Alipokosea, vidole havikuwa na nguvu ya kuvibandua, basi alivitia mdomoni akavitenganisha kwa meno. Dadangu, ambaye ndiye anayemtunza, alivipangusa mate kwa kitambaa.

Mama alitaka vya rangi ya udongo tu. Nilipomuuliza anajenga nini, alijibu, "Kwetu."

Kwao ni mtaa wa Majengo, katika nyumba ya udongo iliyobomolewa kabla sijazaliwa, na haina picha hata moja. Aliijenga kwa miezi minne, kwenye meza ndogo kando ya dirisha. Ukuta mmoja ulikwenda upande. Paa alilifanya la kufunuka. Sikuwahi kulifunua, nilikuwa nikipita na mambo yangu, nikimsifu kama mtu anavyomsifu mtoto.

Ndipo akanijia mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa. Alikuwa amelikarabati duka na alitaka siku ya kulifungua aweke mlangoni mfano wa nyumba ya babu yake, mahali biashara ilipoanzia, pamoja na mlango wake wa nakshi na roshani ya mbao. Nikakubali papo hapo, kwa tamaa ya kuona kazi yangu mahali watu wengi watapita. Kuta nyeupe zilinikalia vizuri. Mbao ndizo zilizonishinda, kwani zilitaka rangi ya udongo. Vitofali vya rangi hiyo nilivyoagiza vilikuwa bandarini ndani ya mzigo usiotoka, na siku zilizobaki zilikuwa sita.

Asubuhi moja dada alimpeleka mama kliniki. Nikabaki peke yangu nyumbani. Nilisimama mbele ya meza ile ndogo muda mrefu, nikajiambia kwamba ni kuazima tu. Nikaipiga picha nyumba ya mama kwa simu, kwa mbele na kwa ubavuni, kisha nikaibomoa. Ilichukua dakika chache, na vya ndani niliving'oa pamoja na vya nje, nikidhani ni vya kushikiza kuta tu. Nilitoa vitofali vyote vizuri nikavipeleka juu, na mahali pake nikajenga upya kwa vyekundu na vya kijivu vilivyofifia, nikavipaka rangi kidogo vifanane. Ule ukuta uliokwenda upande niliunyoosha. Naapa nilidhani namfanyia wema.

Mama aliporudi aliitazama kabla hata ya kuvua buibui. Akalifunua paa kwa mkono wake mzima. Ndani mlikuwa mtupu.

"Vyumba viko wapi?" aliuliza.

Sikujua kuwa vile vya ndani ni vyumba. Miezi yote ile alikuwa akigawa ndani: ukumbi, vyumba, jiko la uani. Ulimi wangu ulitangulia kabla sijafikiri.

"Labda dada aliigonga akipangusa vumbi kabla hamjatoka, mie nikaikuta imeanguka nikaijenga tena vivi hivi."

Dada aliingia na maji ya kunywa. Mama akamgeukia, akamsema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimsema mtu. Dada hakujitetea. Alisema, "Nisamehe, mama. Huenda niliigonga sikuona." Nami nilikuwa nimesimama pale pale, baina yao, nikapanda juu kwenda kumalizia roshani.

Siku ya kulifungua duka watu walijaa. Mzee alinishika bega akanionyesha kwa kila aliyeingia, na mimi nilicheka pale pa kucheka. Dada alikuwa amemleta mama kwa tuktuk. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka kuja. Alisogea taratibu hadi kwenye ule mfano wa nyumba, akainama mbele ya mlango wa nakshi, akapitisha kidole. Nilifuata kidole chake kwa macho. Vitofali vya mlango vilikuwa na alama ndogo ndogo pembeni, za meno.

Kisha akainuka. Alimpa mzee mkono, akamwombea baraka, akasema kazi ni nzuri.

Nilipanda nao tuktuk kurudi. Dada alikaa mbele na dereva. Mama alingoja mpaka kelele za njiani zikafunika sauti yake.

"Ungeniomba, ningekupa," alisema.

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua ungeomba." Akaupakata mkono wake uliolegea. "Dadako umemwambia?"

Nikautazama mgongo wa dada pale mbele. Mama akageuza uso kutazama nje, na hakunitazama tena mpaka tulipofika.

Nilimwambia dada jikoni, alipokuwa akikuna nazi. Aliendelea kukuna, halafu akaacha.

"Wiki nzima nimekuwa nikijiuliza niliivunja vipi," alisema. "Nikajiona nimekuwa mzembe katika kumtunza. Nikataka tumtafutie mtu mwingine. Nawe wanitazama tu?"

Nilisema nisamehe. Alisema amesamehe, kwa namna mtu anavyosema ili aachwe apike.

Mzigo wa bandarini ulitoka wiki iliyofuata. Nilimpelekea mama sinia iliyojaa, rangi ile ile, vipya, vyote visivyo na alama. Nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, nikamwambia, nieleze vyumba vilivyokuwa, mimi nitakuwa mikono tu. Alinieleza cha kwanza, cha babake, na dirisha lake dogo. Akanieleza cha pili, walipolala yeye na dada zake wanne, na jinsi mvua ilivyousukuma ule ukuta mpaka babake akautegemeza kwa nguzo. Kumbe ndio ukuta niliounyoosha. Kisha akageukia dirisha.

"Na vingine?" nikauliza.

"Vingine ni vyangu," alisema, akaomba sinia iondolewe.

Sasa anafanya mazoezi kwa kuchambua mchele. Mtaalamu alipokuja mwezi uliopita alimpima, akauliza mbona vidole vimerudi nyuma, na kile alichokuwa akijenga kiko wapi. Dada alinitazama. Mama akatangulia kujibu, akasema amechoka na vitofali, na akamkaribisha chai.